Nani Alishika Kanuni za Bao?

Mto Songwe, unaoshuka kutoka milima ya Ileje hadi Ziwa Nyasa, unapita katikati ya watu ambao hawakuuchagua kuwa mpaka. Waingereza na Wajerumani ndio walioufanya mpaka kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890: kaskazini ikawa Afrika Mashariki ya Kijerumani, kusini ikawa nchi iliyokuja kuitwa Nyasaland. Walambya wakajikuta pande zote mbili. Wandali nao ni hivyohivyo, kwa kuwa Wasukwa wa milima ya Misuku, upande wa Malawi, ni ndugu zao wa damu na lugha. Ikinga ni kata mojawapo ya Ileje, wilaya iliyokuwa chini ya Mbeya hadi Mkoa wa Songwe ulipoundwa mwaka 2016. Wilaya hiyohiyo ina Isongole, mahali pa kuvukia kwenda Chitipa. Na ukifuata mpaka kuelekea magharibi utafika Tunduma, inayotazamana na Nakonde ya Zambia. Kona hii inafaa kuulizia jambo ambalo Unguja au Lamu hakuna anayesumbuka nalo. Bao lina kanuni nyingi na ngumu kuliko michezo mingi yenye vitabu vyake, na kwa karne nzima halikuwa na kitabu. Lilifikaje huku bara, mbali na bahari, likiwa bado bao lilelile? Pwani mtu anaweza kuona kwamba swali lenyewe halina maana. Huku, ambako kuvuka mto ni kukutana na bawo la Wamalawi, na kuvuka barabara ya Tunduma ni kukutana na nsolo la Wazambia, swali hilo halikwepeki.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba mila hujilinda zenyewe, mzee humfundisha kijana, na kijana akizeeka naye hufundisha. Ni jibu la uvivu. Mafundisho ya namna hiyo ndiyo hasa yanayozaa tofauti, kwa sababu kila mzee hufundisha anachokumbuka, na kila kijiji kina mzee wake. Hoja yangu ni kwamba kanuni za bao zilishikwa na mtu anayejibu swali: yule fundi anayeulizwa katikati ya mchezo, mkono wa mmoja ukiwa bado hewani na kete ndani yake, kama hatua hiyo inaruhusiwa au hairuhusiwi. Somo husahaulika. Jibu lililotolewa mbele ya watu sita waliosimama, huku mmoja akishinda na mwingine akishindwa kwa sababu yake, halisahauliki, na wale sita wataondoka nalo. Kanuni za bao ni mkusanyiko wa majibu ya aina hiyo, na historia yake ni historia ya waulizaji na wajibuji zaidi ya kuwa historia ya walimu na wanafunzi.

Ili kuona kwa nini maswali hayaishi, ni lazima kulitazama bao lenyewe. Lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kila mchezaji anamiliki safu mbili zilizo upande wake. Kete ni 64, na kwa asili ni mbegu za mkomwe. Kila mmoja huanza akiwa na kete 10 ubaoni: sita katika nyumba, ambayo ni shimo la tano la safu ya mbele ukihesabu kutoka kushoto kwake, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata kuliani. Zilizobaki, 22, zimo mkononi, naye hunamua, yaani huingiza ubaoni, moja kila zamu. Kanuni ya kwanza inasema kwamba mwenye cha kula lazima ale. Lakini tazama ubao ulivyopangwa: mashimo yenye kete ya upande mmoja hayakutani na yenye kete ya upande wa pili, kwa hiyo anayeanza hana cha kula kabisa, na ni lazima atakate, yaani acheze hatua isiyokula. Akiweka kete katika shimo la kwanza kuliani kwa nyumba, zinakuwa tatu. Akizichukua kuelekea kushoto, moja inaingia nyumbani, ya pili inaangukia shimo la nne, ya tatu inalala katika shimo la tatu lililokuwa tupu. Hatua moja tu, na tayari ametandaza kete mbili mbele ya mwenzake. Zamu inayofuata mwenzake analazimika kula, naye huchagua tu ale ipi na azipande kuanzia kichwa kipi, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, kulia au kushoto. Hapo hakuna aliyekosea wala aliyejadili. Maswali yanaanza pale kete zinapozunguka.

Nyumba peke yake inaweza kuleta mabishano ya jioni nzima. Mchezaji aliye katika kula, kete yake ya mwisho ikiingia nyumbani na hakuna cha kula mbele yake, ana hiari: alale hapo, au aisafirishe nyumba, yaani azichukue kete zake zote na kuendelea kuzipanda. Akiwa anatakata tu, hana hiari hiyo. Nyumba ikiwa ndiyo shimo pekee la mbele lenye kete, anatakata kwa kutoa mbili tu kutoka humo na kuziacha nyingine. Akila kutoka kichwani au kwenye kimbi, shimo la pili kutoka mwisho, hana uchaguzi wa upande. Ni lazima apande kuanzia kichwa kilekile. Kete za mkononi zikiisha mchezo unageuka kuwa mtaji, ambapo hatua huanzia shimo lolote lenye kete mbili au zaidi, na hapo ndipo inapoingia kanuni inayowatoa jasho hata wajuzi: kutakasia. Mchezaji akitakata, na mwenzake akawa hana cha kula, huku shimo moja tu la huyo mwenzake likiwa hatarini kuliwa zamu ijayo, basi mwenzake haruhusiwi kulihamisha shimo hilo. Amefungwa papo hapo, anasubiri kuliwa. Isipokuwa shimo hilo likiwa nyumba ambayo haijasafiri. Isipokuwa likiwa ndilo pekee la mbele lenye kete. Isipokuwa likiwa ndilo pekee la mbele lenye kete zaidi ya moja.

Hizo isipokuwa tatu ni ushahidi. Hakuna mbuni wa mchezo anayekaa chini na kufikiria kwa mara ya kwanza kwamba kanuni ya kumfunga mpinzani inahitaji milango mitatu ya kutokea. Milango hiyo ina sura ya kitu kilichotobolewa baadaye, baada ya mtu kufungwa kwa namna ambayo ingemwacha bila hatua yoyote halali ya kucheza mbele, akageuka kwa fundi na kuuliza: sasa nicheze nini? Kanuni ilikuwapo kwanza, ikakutana na hali isiyoitarajia, swali likaulizwa, na jibu likawa sehemu ya kanuni. Wanasheria wanaijua njia hii vizuri: sheria inayokua kwa hukumu za kesi moja moja, bila bunge.

Majibu hayo yaliwezaje kutoka barazani pwani hadi ukingoni mwa Songwe? Kwa njia zilezile zilizopitisha pembe na nguo. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waswahili walikuwa wamejikita Nkhotakota, kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Nyasa, chini ya watawala walioitwa Jumbe, tangu miaka ya 1840. Karibu zaidi na Songwe, Mlozi bin Kazbadema aliweka ngome yake karibu na Karonga katika miaka ya 1880, akapigana na kampuni ya Waingereza ya African Lakes kuanzia 1887, na mwishoni akanyongwa na utawala wa Harry Johnston mwezi Desemba 1895. Kati ya Karonga na Ziwa Tanganyika, kuanzia 1881, Waingereza walikuwa wakikata njia iliyoitwa Barabara ya Stevenson. Ilipitia mahali ambapo leo ni Chitipa, kisha ikaelekea upande wa Mwenzo, karibu na Nakonde. Ukiweka mkono juu ya ramani ya leo, njia hiyo inakwenda sambamba na mpaka wa wilaya za Ileje na Momba upande wa pili wa mstari. Ndiyo kusema wapagazi, walinzi wa misafara na wachuuzi waliokuwa wakilala kambini walipita mlangoni pa nchi hii kwa miaka mingi, na jina lenyewe la bawo ni bao lililotamkwa Kiyao, lugha ya watu waliokuwa wakisafiri kati ya pwani na ziwa kabla ya yeyote kukata barabara.

Na hapa ndipo safari inapokuwa sababu, si njia tu. Mtu anayecheza na jirani yake kila siku hana haja ya kuuliza. Wana mazoea yao, na mazoea yakipinda wanapinda pamoja. Anayecheza na mgeni ndiye anayeuliza. Kila mara mpagazi kutoka Kilwa alipokaa mbele ya ubao na mtu wa Karonga, hitilafu baina yao ilijitokeza palepale, na ilikuwa lazima itatuliwe palepale, la sivyo hakuna mchezo. Kanuni za bao zilinyooshwa kwa kugongana na wageni. Bawo la Malawi lina tofauti zake ndogo na bao la Unguja, lakini mchezaji wa upande mmoja akivuka anaweza kuketi na kucheza, akiwa na maswali machache ya kuuliza kabla ya kete ya kwanza. Kwa mchezo uliosambaa kutoka Lamu hadi ng'ambo ya Songwe bila karatasi, huo ni ukaribu wa kushangaza.

Atakayepinga ataleta nsolo. Huo nao ni mchezo wa safu nne, wa mbegu au vijiwe, wa kula mali ya mpinzani. Nao pia umesambaa kwa mdomo, na ndani ya Zambia idadi ya mashimo hubadilika kutoka mahali hadi mahali. Isolo ya Wasukuma, upande mwingine wa Tanzania, nayo ina namna zake nyingi. Ikiwa majibu ya mdomo yanashika kanuni, mbona hayakuishika michezo hiyo? Pingamizi hili ni zito, na nadhani linaipa hoja nguvu badala ya kuivunja. Nsolo mara nyingi huchimbwa ardhini. Mashimo yanachimbwa pale watu walipo, kwa idadi wanayopenda wao, na mvua ikinyesha hayapo tena. Uwanja ni wa wenyeji na kanuni pia. Ubao wa bao unachongwa na fundi seremala, unauzwa, unabebwa, unarithiwa. Mashimo manane kwa safu hayabishaniwi kwa sababu yamekwisha kuchongwa, na nyumba imechongwa kwa umbo la mraba ili hata asiyejua aulize kwa nini shimo hili halifanani na mengine. Ubao ulishika kile ambacho mti unaweza kushika. Yaliyobaki, yaani mwendo, yaliachiwa wajibuji, nao walikuwa na faida moja ambayo mafundi wa nsolo wa kijiji hawakuwa nayo: walikuwa wakijibu watu wa kutoka mbali.

Maandishi yalikuja, lakini yalikuja kuuliza. Meredith Sanderson alichapisha mwaka 1913 maelezo ya michezo ya Nyasaland, michezo ya mashimo na kete ikiwamo. W. H. Ingrams, ofisa wa Kiingereza Unguja, aliligusa bao katika kitabu chake cha 1931 kuhusu visiwa hivyo. Hao wote walikuwa wakinakili. Kazi iliyokwenda mbali zaidi ni ya Mholanzi Alexander de Voogt, aliyekaa na mabingwa wa Unguja na kutoa utafiti wake Leiden mwaka 1995, na thamani yake imo katika kwamba alikaa na wale wanaoulizwa na wengine. Kisha, mwaka 2002, wataalamu wa kompyuta wa Maastricht walipotaka kuliandikia bao programu, waligundua jambo ambalo wachezaji hawana haja ya kulitamka: kompyuta haiwezi kuanza mpaka kila swali liwe limejibiwa kabla halijaulizwa. Kati ya mambo yaliyowakabili ni hatua isiyokwisha. Kete zinaweza kuzunguka ubao, kila ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete nyingine, bila kulala kamwe. Barazani mtu atachoka na fundi atasema neno. Ndani ya mashine hakuna kuchoka, kwa hiyo ilibidi kanuni iandikwe kwa ajili ya tukio ambalo mchezaji mzuri huenda asilione maisha yake yote.

Kuna mchezo mwingine wa leo unaolipima wazo hili kwa upande wa pili kabisa, nao ni Magic: The Gathering, mchezo wa karata za wachawi na mazimwi uliobuniwa na Mmarekani Richard Garfield na kutolewa na kampuni ya Wizards of the Coast mwaka 1993. Wachezaji hununua karata, hubadilishana, hujipangia fungu lao, na kila karata ina maandishi yake yanayoweza kuvunja kanuni ya jumla. Ni kanuni ya kwanza ya mchezo kwamba karata ikipingana na kitabu, karata ndiyo inayofuatwa. Karata tofauti zimepita 20,000. Wabunifu walijua kwamba hali hiyo haitulizwi kwa mazungumzo, wakaandika; mwaka 1999 walifumua mfumo mzima na kuupanga upya, na leo kitabu chake cha kanuni kina kurasa zaidi ya 200, kikifanyiwa marekebisho kila toleo jipya la karata linapotoka. Mtu angetarajia kwamba kitabu cha ukubwa huo kimewaondolea kazi waamuzi. Kinyume chake kimewazalisha. Mashindano yana waamuzi waliofanya mtihani, na kuna watu ambao mchango wao wote katika mchezo huo ni kujibu maswali: karata hii ikikutana na ile, nini kinatokea kwanza? Walilazimika hata kuiandikia kanuni hatua isiyokwisha, ndugu wa ile ya bao: mzunguko ambao hakuna mchezaji anayeweza kuukata huufanya mchezo uwe sare. Mwaka 2019 watafiti watatu, Churchill, Biderman na Herrick, walionyesha kwamba mchezo huo unaweza kupangwa hivi kwamba hakuna hesabu yoyote ya jumla itakayotabiri nani atashinda, ingawa kila hatua iliyobaki ni ya lazima.

Kwa hiyo wenye kitabu kinene kuliko wote na wasio na kitabu wamekutana mahali pamoja, mbele ya mtu anayeulizwa. Sisemi kwamba ni sawa. Katika karata za Garfield ugumu unatoka katika maneno, na kila jibu ni tafsiri ya sentensi. Katika bao kete zote 64 hazina jina wala maandishi, na ugumu wote unatoka katika mwendo. Mwamuzi wa karata hutafuta kifungu, na kifungu kilichoandikwa na kampuni kinaweza kubadilishwa na kampuni. Fundi wa bao hana kifungu, na hana wa kumpigia simu. Ana kumbukumbu yake, heshima yake, na watu waliosimama nyuma ya wachezaji, ambao wengi wao wanajua bao vizuri kiasi cha kumzomea akikosea.

Nafikiri hawa waliosimama wamedharauliwa mno katika maelezo ya bao. Wao ndio jibu kwa pingamizi la pili, kwamba kanuni isiyoandikwa ni kanuni ya mwenye sauti kubwa, au ya mzee, au ya mwenye ubao. Kuna ukweli humo. Mwenye cheo huweza kuibua kanuni aliyoisahau kila mtu, pale tu anapokaribia kuishiwa na mtaji. Na baraza hilo la kuamua lilikuwa, na kwa sehemu kubwa bado ni, la wanaume. Mwanamke anayejua bao hakuitwa kujibu, na kwa hiyo majibu tuliyonayo ni ya nusu ya watu. Lakini mwenye sauti kubwa anaweza kuwaburuza watu wa kijiji chake kwa muda tu. Siku mtu wa Chitipa anapoketi naye, au dereva wa lori aliyekwama Tunduma kwa siku tatu akisubiri nyaraka za forodha, anayejua bao la Dar es Salaam, kanuni yake ya mfukoni inakutana na macho yasiyomwogopa. Mpaka ulioletwa na wakoloni, pamoja na madhara yake yote, ulikuwa na faida hii isiyokusudiwa: ulileta wageni wa kila siku.

Vyama vilikuja baada ya uhuru. Chama cha Bao kilianzishwa mwaka 1966, na mashindano yakaanza kufanyika Zanzibar, bara, Lamu na Malawi. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mpenzi wa mchezo huo, jambo lililoupa heshima ya kitaifa. Wako wanaosema basi usawa wa kanuni ni kazi ya vyama hivi na si ya mafundi wa barazani. Hesabu ya miaka inalikataa wazo hilo. Bao aliloliona Ingrams 1931 halikuwa limesubiri chama cha 1966 ili liwe na namua na mtaji, na Karonga ilikuwa na Waswahili wake kabla hata ya mpaka kuchorwa. Vyama vilichagua kati ya majibu yaliyokuwapo, na hiyo ni kazi yenye manufaa, ila si uzazi wa kanuni.

Tatizo la sasa liko kwingine. Bao limeingia kwenye simu. Programu haikuruhusu kucheza hatua haramu. Unagusa shimo lililotakasiwa, na hakuna kinachotokea. Kijana wa Ikinga anayejifunza hivyo anajifunza kwamba haiwezekani, lakini hasikii kwa nini, na hana wa kumuuliza, na zaidi ya hapo hana wa kumbishia. Programu hii inaweza kuwa na kanuni ya Unguja na nyingine ikawa na makosa ya mwandishi wake, na zote mbili zikanyamaza kwa namna ileile. Wenye vyama vya bao wa Tanzania na Malawi wakitaka kuandika kitu, wasianze na kitabu cha kanuni. Vipo vya kutosha, na kila kimoja kinarudia mashimo 32 na kete 22. Waandike mashauri: ubao ulikuwa umekaa hivi, kete ngapi katika kila shimo, zamu ya nani, nani aliuliza nini, fundi alijibu nini, na waliosimama walikubali au walipinga. Pa kuanzia ni Isongole na Chitipa, ambako jibu la upande mmoja likitofautiana na la upande wa pili, wote wawili wanaweza kuitwa siku hiyohiyo.